Mfupa Kwanza, Jino Baadaye

Watu wanaoniuliza habari za jino langu la kupandikizwa huanza na bei, nami huwajibu kwa swali: jino lako lilitoka lini? Sisemi kwamba bei ni jambo dogo, kwa kuwa mwalimu wa sekondari mjini Mombasa anayengoja mwisho wa mwezi hawezi kusema hivyo akaaminiwa. Ninachojua ni kwamba katika shughuli yangu yote, kilichoamua muda, gharama na hata sura ya ufizi nilio nao leo hakikuwa jino bali mfupa wa taya uliokuwa umelishika, na mfupa huo ulianza kupungua katika wiki zile zile za kwanza baada ya jino kung'olewa, wakati ambapo mimi nilidhani mambo yamekwisha na kilichobaki ni pengo tu.

Lilikuwa jino la mbele la juu, moja kati ya yale mawili ya katikati. Lilipata pigo nilipoanguka na bodaboda kwenye barabara ya Kisauni, mzizi ukapasuka chini ya ufizi, na daktari wa hospitali niliyopelekwa akaniambia, kwa haki kabisa, kwamba jino lililopasuka mzizi namna ile haliokoleki. Likang'olewa. Baadaye nilitengenezewa jino la kuvaa na kuvua, kipande cha plastiki ya rangi ya waridi kilicholala kaakaani na kujishikiza kwa vikulabu vya waya kwenye meno ya jirani. Nililivaa miaka mingi na siwezi kulitukana, maana lilinisimamisha mbele ya wanafunzi bila kuziba mdomo kwa mkono, na kwa mshahara wa wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Kero yake ilikuwa katika matamshi. Sauti za th na dh hutolewa kwa ncha ya ulimi kwenye meno ya mbele ya juu, na plastiki ile nene iliuzuia ulimi kufika panapotakiwa. Darasani mtu husamehewa, lakini nyumbani, nilipokuwa nikisoma Kurani pamoja na wanangu, nilizisikia herufi hizo zikitoka kombo, nao kwa adabu yao wakijifanya hawasikii.

Chini ya plastiki ile kulikuwa na jambo lililokuwa likiendelea. Jino la asili halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Limezungukwa na nyuzi ndogo ndogo zinazolishikiza, na kila mtu anapotafuna, nyuzi hizo huuvuta mfupa na kuuchochea ujijenge upya. Jino likitoka, nyuzi hutoka nalo, na mwili, ambao hautunzi kisichotumika, huanza kuuondoa mfupa. Mahali pa mbele ndipo pabaya zaidi, kwa sababu ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo ni mwembamba mno, mara nyingi haufiki milimita 1, na sehemu ya damu inayoulisha hutoka katika nyuzi zile zile zilizokwisha kung'olewa. Katika mwaka wa kwanza peke yake upana wa ukingo wa taya unaweza kupungua hadi kukaribia nusu. Jino la kuvaa halizuii hali hii, maana linaukalia ufizi kwa juu tu. Nilichokuwa nikikiona mimi kwenye kioo ni kibonyeo juu ya pengo, na kwamba kila baada ya muda plastiki ilihitaji kurekebishwa ili isichezecheze.

Nilipoamua kutafuta jino la kudumu, kliniki ya kwanza niliyoingia iliniahidi jino kwa siku moja. Jambo hilo lipo na si uongo: mtu ambaye jino lake limetoka leo, tundu lake likiwa zima na mfupa wake mnene, anaweza kuwekewa skrubu, yaani chuma kidogo kinachokaa ndani ya mfupa badala ya mzizi, na jino la muda siku hiyo hiyo, na madaktari wenye ujuzi hufanya hivyo. Lakini nilipouliza mfupa wangu una unene gani, nilijibiwa kuhusu punguzo la mwezi ule. Picha yenyewe waliyopiga ilikuwa eksirei ndogo ya kawaida, ambayo kwa kuwa ni kivuli bapa huonyesha kimo cha mfupa na kuficha unene wake. Nikaaga. Kabla ya kwenda kwingine nilitafuta jina la daktari niliyeelekezwa katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama, nikahakikisha kwamba leseni yake ilikuwa hai. Na hatua hii ningemwomba kila mtu aitangulize kabla hata ya kuuliza shilingi ngapi.

Daktari huyo, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, alinituma nikapigwe picha ya CT ya taya, ile inayouonyesha mfupa kwa vipande vyembamba kwenye kompyuta kana kwamba umekatwa kwa kisu. Alinigeuzia skrini nikaona mwenyewe: kimo kilitosha, unene ulikuwa wa milimita 3 tu. Skrubu nyembamba aliyoikusudia ilikuwa na kipenyo kinachozidi hapo, nayo inahitaji kuzungukwa na mfupa pande zote, hasa upande wa mdomo, ama sivyo ufizi hurudi nyuma baada ya muda na chuma kikaanza kuonekana. "Mwalimu," akaniambia, "skrubu ninazo hapo kabatini. Pa kuzitia ndipo hatuna."

Kisha akageukia sukari, maana nilikuwa nimeandika kwenye fomu kwamba ninayo. Hakuridhika na kipimo cha asubuhi cha kutoboa kidole, ambacho mgonjwa mjanja hukinyoosha kwa kujizuia siku mbili. Alitaka kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Changu kilikuwa juu ya asilimia 8. Akanirudisha kwa daktari wangu wa kisukari hadi kishuke kufikia 7, akinieleza kwamba sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kupona kwa jeraha na kukaribisha maambukizi, na kwamba mtu mwenye kisukari kilichodhibitiwa vizuri hana sababu ya kunyimwa kipandikizi. Aliniuliza pia kuhusu sigara, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu inayolisha ufizi na mfupa, na kuhusu dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, ziwe za vidonge au za sindano. Mimi sikuwahi kuzitumia, lakini swali hilo nimelibeba na ninaliuliza kwa niaba ya wengine: kuna akina mama wengi wa umri mkubwa wanaopewa dawa hizo na hawafikirii kumtajia daktari wa meno, ilhali aliyezitumia anaweza kupata jeraha la taya lisilofunga baada ya upasuaji.

Mfupa wa kuongezea hutoka sehemu mbalimbali. Unaweza kuchotwa katika taya la mgonjwa mwenyewe, ukatoka kwa binadamu aliyeutoa kabla ya kufariki, ukatengenezwa kiwandani kwa madini, au ukatokana na ng'ombe, na mfupa huo husafishwa hadi pakabaki chembe za madini tupu zisizo na nyama wala mafuta. Daktari alipendekeza chembe za ng'ombe zilizochanganywa na mfupa wangu kidogo, kwa kuwa chembe zile haziliki upesi na mfupa mpya hupata muda wa kujijenga kati yake. Juu yake hutandazwa utando wa kolajeni, protini itokanayo na wanyama, na kazi yake ni kuuzuia ufizi, ambao hukua haraka kuliko mfupa, usije ukavamia nafasi hiyo. Hapo nikauliza utando huo unatokana na nini. Akajibu bila kuzunguka kwamba ule unaotumika zaidi hutokana na nguruwe.

Nimesikia watu wakisema kwamba Waislamu hawapaswi kuuliza mambo haya wakiwa kwenye kiti cha daktari, na sikubaliani nao. Nilimwendea imamu wa msikiti wetu, akanieleza kwamba wanazuoni wametofautiana: wapo wanaoruhusu kwa hoja kwamba kitu kilichogeuzwa asili yake hakibaki na hukumu yake ya kwanza, wapo wanaoruhusu kwa dharura pale tu panapokosekana badala, na akaniuliza kama badala ipo. Ipo. Utando unaotokana na ng'ombe hupatikana, ila uliagizwa kutoka nje na nikaungoja. Daktari hakuchukizwa, alisema angependa wagonjwa wengi zaidi waulize kabla kuliko wale wanaogundua baadaye wakaishi na dukuduku.

Upasuaji wa kuongeza mfupa tuliupanga baada ya Idi, kwa sababu dawa za kumeza kila baada ya saa kadhaa, damu kidogo inayochuruzika mdomoni na mwili wa mgonjwa wa sukari haviendi pamoja na saumu. Maumivu hayakunisumbua kama nilivyoogopa. Uso ulivimba hadi chini ya jicho, nikaishi kwa uji na mtori uliopoa, na jino langu la kuvaa likachongwa lisiguse kabisa mahali pale, kwa kuwa shinikizo dogo tu linaweza kuzisogeza chembe kabla hazijashikana. Baada ya hapo ni kungoja, na hakuna kitu cha kusimulia kuhusu kungoja isipokuwa kwamba kulichukua zaidi ya nusu mwaka.

Katika mojawapo ya ziara za ukaguzi daktari alinisimulia chanzo cha kazi yenyewe. Mwaka 1952 nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa kidogo cha titaniamu alichokipachika mguuni. Alipotaka kukitoa ili akitumie tena, kilikuwa kimeshikamana na mfupa, hakitoki. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, aliwawekea watu skrubu za madini hayo kwa mara ya kwanza alipomtibu Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, vipandikizi vyake vikiwa bado vinafanya kazi. Wenzake wa taaluma walichelewa kumwamini Brånemark, na hadi mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo madaktari wa Amerika Kaskazini walipoanza kuikubali kazi yake kwa upana. Siri ni kwamba titaniamu ikigusana na hewa hujivika tabaka jembamba mno la oksidi, na chembe hai za mfupa hulichukulia tabaka hilo bila uhasama, zikajenga mfupa hadi kulikaribia kabisa, pasipo zile nyuzi za jino la asili.

Siku ya skrubu ilikuwa nyepesi kuliko siku ya mfupa. Sindano ya ganzi, mkato mdogo, kisha keekee inayozunguka polepole huku maji ya chumvi yakimwagika bila kukoma. Nilidhani maji yale ni ya kusafisha tu. Kumbe mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja huanza kudhurika, na mfupa uliokufa kwa joto haushikani na chochote, hivyo kazi ya maji ni kupoza. Skrubu ilikazwa kwa spana ndogo yenye kipimo, ikafunikwa na ufizi, nikashonwa.

Jambo ambalo ningependa kila mgonjwa alijue linahusu wiki zilizofuata. Siku ile ya kwanza skrubu hushikwa na mfupa wa zamani kwa kukazwa tu, kisha mwili huanza kuuondoa mfupa uliobanwa na kujenga mpya mahali pake, kama fundi anayetoa mawe mabovu ukutani kabla ya kutia mazima, kwa hiyo kati ya wiki ya pili na ya nne skrubu huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ya upasuaji. Wakati huo ndio maumivu yamekwisha, uvimbe umeshuka, na mtu anajiona amepona. Ndipo anapokula mahindi ya kuchoma. Daktari wangu alinikataza kung'atia upande ule kwa miezi kadhaa, na mke wangu alisimamia amri hiyo kwa ukali kuliko yeye.

Baada ya mfupa kushika, ufizi ulifunguliwa tena, kikawekwa kifuniko cha kuuchonga uzunguke vizuri, kisha jino la muda, na mwishowe taji, yaani sehemu ya jino inayoonekana, la zirkonia na kauri. Rangi ya jino tuliichagua karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya kliniki hudanganya. Rangi ya ufizi ndiyo iliyotushinda kidogo. Wengi wetu tuna ufizi wenye weusi wa asili, na nyama ya kujazia kibonyeo ilipochukuliwa kaakaani ilipona ikiwa na rangi ya waridi, kwa hiyo nina doa la mwanga juu ya jino langu. Vielelezo vya matangazo huonyesha fizi za rangi moja tu, na nadhani mgonjwa Mwafrika anastahili kuambiwa habari hii mapema. Mimi niliambiwa, nikakubali; mdomo wangu wa juu hulifunika nisipocheka sana.

Jino lenyewe halihisi. Kwa kuwa hakuna nyuzi kati yake na mfupa, halina ule ulaini wa jino la asili linapobanwa, wala haliwezi kukuonya kwamba umekiuma kitu kigumu mno. Kwa sababu hiyo daktari alilichonga liguse meno ya chini kwa wepesi kuliko jirani zake. Simenyi miwa kwa meno tena, sifungui chochote kwa meno, na mabuyu nayamumunya tu. Kusafisha kunahitaji bidii kuliko zamani: mswaki laini, brashi nyembamba ya kupita kati ya meno na uzi wa meno kila usiku. Msuaki wa mti sijauacha, ila hauingii palipo na uchafu wa hatari, yaani pale ufizi unapokutana na taji. Kipandikizi hakitoboki kwa kuoza, lakini ufizi na mfupa unaokizunguka vinaweza kuugua, vikavimba, vikatoa usaha na kuyeyuka polepole pasipo maumivu, na waliowahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi wako hatarini zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya vipandikizi huwa bado vimo baada ya miaka 10, na mimi naiona takwimu hiyo kuwa ya watu wanaorudi kukaguliwa.

Sasa bei. Ile inayotangazwa mara nyingi ni ya skrubu peke yake, ilhali hesabu kamili ina picha ya CT, mfupa, utando, skrubu, kiunganishi cha skrubu na taji, jino la muda na taji lenyewe. Yangu ilizidi shilingi laki tatu za Kenya, na karibu theluthi yake ilikwenda kwenye mfupa. Bima yangu iliiona kuwa urembo na haikutoa kitu. Nililipa kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Daraja la kawaida, yaani jino bandia linalobebwa na meno ya jirani, lingekuwa nafuu, lakini lingetaka meno mawili mazima ya jirani yachongwe ili yabebe taji, na nilikataa kuyaharibu. Na kwa mzee aliye kibogoyo wa taya la chini, ambaye meno yake ya kuvaa yanaelea kila anapozungumza, sioni haja ya kumshawishi anunue mdomo mzima wa skrubu: skrubu mbili tu za mbele zenye vifungo vya kushikilia yale meno yake humwezesha kula nyama, na anaendelea kuyavua na kuyaosha kama alivyozoea. Ami yangu ndivyo alivyofanyiwa.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho nilidai kadi inayoonyesha jina la mtengenezaji wa skrubu, ukubwa wake na namba ya toleo. Mwenzangu wa kazini alitengenezewa meno yake India, kazi nzuri na ya bei nafuu, lakini taji moja lilipolegea hapa Mombasa hakuna aliyekuwa na bisibisi ya kulifungua, kwa kuwa kila mtengenezaji ana umbo lake na yeye hakuwa na karatasi yoyote. Alizunguka na jino linalocheza hadi daktari mmoja alipoitambua skrubu kwa kuitazama kwenye eksirei.

Mwaka jana mpwa wangu mwenye miaka 15 alipigwa kiwiko katika mpira wa kikapu, jino la mbele likapasuka mzizi kama langu. Dada yangu alinipigia simu kutoka kliniki akiuliza la kufanya, nami nikamwomba amuulize daktari maswali mawili: kama jino linaweza kutolewa bila kuvunja ukuta wa mbele, na kama tundu linaweza kujazwa chembe za mfupa siku hiyo hiyo. Yote mawili yaliwezekana, na gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya ile niliyolipa mimi kuurudisha mfupa uliokwisha ondoka. Kipandikizi hawezi kuwekewa sasa. Taya lake bado linakua, na skrubu iliyoshikamana na mfupa haishuki pamoja na meno jirani, kwa hiyo jino lingeonekana fupi zaidi kila mwaka. Amebandikiwa daraja jepesi lenye bawa lililogundishwa nyuma ya jino la pembeni, bila kuchonga chochote, na atakaguliwa hadi ukuaji utakapokoma. Alitaka kujua jambo moja tu, kama atarudi uwanjani. Daktari amemtengenezea kinga ya meno, na mama yake huikagua ndani ya mkoba kabla hajatoka nyumbani.